Kengele Kabla ya Swali Kwisha

Matokeo ya mashindano ya maswali baina ya vyuo vikuu vya Marekani huchapwa katika majedwali makavu, ambayo mtu asiyeuzoea mchezo huo aghalabu huyatupia jicho moja akayaacha: majina ya vyuo upande wa kushoto, idadi ya michezo waliyoshinda na waliyoshindwa, kisha mbele ya jina la kila mchezaji safu tatu za tarakimu zenye vichwa vya 15, 10 na −5. Mimi nimeyasoma majedwali hayo kwa muda, na kadiri nilivyoyasoma ndivyo nilivyozidi kuona kwamba habari ya nani kashinda ni habari ya siku mbili tatu, bali safu zile tatu ndizo taarikhi yenyewe, kwa kuwa kila moja ilizaliwa kwa sababu yake na kwa wakati wake, na zote pamoja zinasimulia jinsi watu walivyobishana, kwa zaidi ya miaka 70, juu ya jambo moja: swali la insafu huulizwaje?

Safu ya 10 ndiyo kongwe. Don Reid, ambaye wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa amebuni mchezo wa kuulizana maswali wa kuwatumbuiza askari, aliuchukua mchezo huo baada ya vita akauvika joho la chuoni, na tarehe 10 Oktoba 1953 redio ya NBC ikatangaza kwa mara ya kwanza shindano lake lililoitwa College Bowl, ambamo Northwestern iliishinda Columbia kwa alama 135 kwa 60. Ajabu ya siku zile ni kwamba washindani hawakuonana uso kwa uso; kila timu ilikaa chuoni kwake, ikizungukwa na wenzake, na muulizaji, Allen Ludden, alikuwa New York, sauti zao zikikutanishwa kwa waya. Timu ilikuwa ya watu wanne. Swali la kwanza lilikuwa la kugombewa na wote wanane, kila mtu kwa akili yake bila kumnong'oneza mwenziwe. Aliyewahi kengele akajibu sawasawa alipata alama kumi, na timu yake ikafunguliwa maswali ya bakshishi, ambayo waliruhusiwa kushauriana.

Sisi tuliolelewa kwa vitendawili tunaweza kudhani mambo haya si mageni kwetu, na kwa sehemu ni kweli. Lakini pana tofauti moja ambayo ndiyo roho ya mchezo. Bibi akisema «Kitendawili!», nasi tukaitika «Tega!», alilitega fumbo lake lote hata likatimia, ndipo tukahangaika nalo, na tuliposhindwa tukampa mji, naye akautembelea kwa maneno matamu kabla ya kutufumbulia. Hapakuwa na mjukuu aliyethubutu kumkata kauli katikati. Katika mchezo wa Reid, kumkata muulizaji kauli ndiyo fani yenyewe: anayejua hangoji, huipiga kengele neno likiwa bado mdomoni mwa msomaji, na kimya kinachofuata ni chake yeye peke yake. Ruhusa kubwa namna hiyo haikuweza kutolewa bure, na hapo ndipo ilipozaliwa safu ya −5, yaani faini ya pupa: anayekatiza kisha akakosa hunyang'anywa alama tano, na wapinzani wake husomewa swali mpaka mwisho kwa raha zao.

Mnamo Januari 1959 mchezo ulihamia televisheni ya CBS, ukifadhiliwa na General Electric, nao uliingia sebuleni mwa watu wakati mbaya kabisa. Michezo ya maswali yenye kugawa fedha nyingi, ambayo Wamarekani walikuwa wameipenda kupita kiasi, ilikuwa imeanza kushukiwa hiyana. Na tarehe 2 Novemba mwaka huo huo Charles Van Doren, mwalimu wa Columbia aliyepata umaarufu katika mchezo ulioitwa Twenty-One, alisimama mbele ya kamati ya Bunge akakiri kwamba alikuwa akipewa maswali na majibu kabla ya kuingia ukumbini. Michezo mingi ilizimwa, ila College Bowl ikasalimika. Naamini iliokolewa na umaskini wake: mwanafunzi hakutoka pale na fedha mkononi, kwa kuwa tuzo ilikuwa ruzuku ya masomo kwa chuo, na timu iliyoshinda mara tano mfululizo ilistaafishwa kwa heshima ili wengine wapate nafasi.

Katika miaka ya televisheni, ambayo Robert Earle aliipokea kwa Ludden mwaka 1962 akaifikisha mwisho wake mwaka 1970, jioni inayokumbukwa kuliko zote ni ile ya Machi 1966, chuo kidogo cha wanawake cha Agnes Scott, kutoka Decatur katika jimbo la Georgia, kilipokutanishwa na Princeton, chuo ambacho zama hizo kilikuwa bado hakijawafungulia wanawake mlango wa shahada ya kwanza, na hakikuufungua mpaka mwaka 1969. Princeton walikuwa mbele. Saa ilikuwa imebakiza sekunde moja kengele ilipolia upande wa wasichana, na aliyeipiga alikuwa mwanafunzi asiyeona. Akajibu, jibu likawa sahihi, na hesabu ikafungwa kwa 220 kwa 215. Watu walisifu ushujaa wa wanyonge, na walikuwa na haki, lakini mimi hustaajabia jambo jingine: kwamba mchezo huu ni wa sikio, swali huingia neno baada ya neno kama linavyomwingia msikilizaji wa utenzi, na katika uwanja wa namna hiyo binti yule hakuwa amepungukiwa na chochote.

Waingereza walikuwa wamekwisha uchukua mchezo huo. Mwaka 1962 kampuni ya Granada ilianzisha University Challenge, muulizaji akiwa Bamber Gascoigne, aliyeishika kazi hiyo miaka 25. Swali la kugombewa likabaki na alama zake kumi, na faini ya tano ikasafiri nalo. Kilichosafiri vibaya ni usawa, kwa sababu Oxford na Cambridge ziliruhusiwa kuleta kila koleji kama chuo mbali, ilhali chuo kikuu kingine, hata kiwe na maelfu ya wanafunzi, kilileta timu moja tu. Mwaka 1975 vijana wa Manchester walipinga jambo hilo kwa njia isiyopata kuonekana: walikaa vitini kwa adabu, wakapiga kengele kama kawaida, na karibu kila swali, liwe la muziki au la elimu ya viumbe, wakalijibu kwa jina la Marx, Lenin, Trotsky au Che Guevara. Chuo hicho hicho baadaye kilikuja kutwaa ubingwa mara nne, 2006, 2009, 2012 na 2013, na ule wa 2009 una kisa chake. Katika fainali Manchester walifungwa 275 kwa 190 na Corpus Christi ya Oxford. Siku chache tu zikapita ikabainika kwamba mmoja wa washindi hakuwa tena mwanafunzi wakati baadhi ya michezo ilipochezwa, taji likahama, na walioshindwa wakawa mabingwa.

Huko Marekani, televisheni ilipouacha mchezo, vyuo vyenyewe viliukumbatia, na tangu 1977 College Bowl ilirejea kwa ushirika na jumuiya ya kumbi za wanafunzi, ikawa ni mashindano ya vyumba vya madarasa, Jumamosi asubuhi, bila kamera wala watazamaji zaidi ya wachezaji wanaosubiri zamu. Ndipo manung'uniko yalipoanza. Swali la televisheni lilitengenezwa ili mtazamaji aliye kochini naye aone kwamba karibu angelijua, kwa hiyo lilikuwa fupi na la juujuu. Watu wanane wenye elimu wakilisikia hulijua wote kwa pamoja, na anayeshinda si aliyesoma bali mwenye kidole chepesi. Mwaka 1991 wachezaji wenyewe, waliochoshwa na hali hiyo, waliunda chama chao kijulikanacho kwa herufi za ACF, na mwaka 1996 wengine wakaunda NAQT. College Bowl ya asili ikaendelea kufifia hata ikafungwa mwaka 2008.

Walicholeta hao ni swali refu lililojengwa kama piramidi: huanza kwa ncha nyembamba, kwa jambo lijulikanalo na wachache mno, kisha hutanuka kidogo kidogo, hata sentensi ya mwisho iwe inajulikana na takriban kila mtu. Niruhusiwe kutunga moja, maana ufundi huu hauelezeki ila kwa kuonyeshwa. Msomaji anaanza: «Sarafu ya shaba ya sultani mmoja wa mji huu ilifukuliwa Zimbabwe Kuu.» Hapa atapiga kengele mwanafunzi wa akiolojia, naye ni mmoja katika mia. «Kasri la sultani huyo lilikuwa na birika lenye pembe nane.» Sasa ameamka aliyewahi kusoma habari za Husuni Kubwa. «Ibn Battuta aliufikia mwaka 1331 akausifu uzuri wake, na Wareno chini ya Francisco de Almeida waliuteka mwaka 1505.» Vidole vinatetemeka vyumba vyote. «Kwa alama kumi, taja mji huu wa kale wa kisiwani, katika mkoa wa Lindi, ambao magofu yake yalitiwa katika urithi wa dunia mwaka 1981 pamoja na ya Songo Mnara.» Na hapo hata mtoto wa shule atasema Kilwa. Swali ni moja, jibu ni moja, lakini mahali kengele ilipolia ndipo panapopima kimo cha elimu ya mtu. Na NAQT, ili kumlipa yule wa mapema, ikaongeza alama tano juu ya kumi. Safu ya 15 ndiyo hiyo.

Tangu hapo jedwali la matokeo likawa na lugha. Mchezaji mwenye 15 nyingi na −5 nyingi ni mwenye elimu na pupa; mwenye 10 tupu ni mtulivu anayengoja yakini; na mwenye −5 peke yake, maskini, ni kijana wa mwaka wa kwanza ambaye bado hajajifunza kwamba kukumbuka kitu si sawa na kukijua.

Maswali ya namna hii hayatungwi na mtu mmoja ofisini. ACF ilifanya ada kwamba timu zinazokuja kushindana zilete mafungu ya maswali waliyoyatunga, wahariri wayasafishe, na kila timu isichezee ya kwake. Hivyo mchezaji akawa mtungaji, na mtungaji akajifunza kwa kutunga zaidi ya alivyojifunza darasani. Ken Jennings, ambaye mwaka 2004 alishinda michezo 74 mfululizo katika mchezo wa maswali wa televisheni uitwao Jeopardy, hakutoka mbinguni. Alikuwa nahodha wa timu ya chuo cha Brigham Young, tena mhariri wa maswali ya NAQT.

Kwetu Afrika mchezo uliingia kwa mlango wa televisheni tena, mwaka 2007, katika mashindano yaliyofuata kigezo cha College Bowl na kubeba jina la kampuni ya simu ya Celtel, kisha Zain, ambayo yalikutanisha vyuo vikuu vya Kenya, Uganda, Tanzania na nchi nyingine, muulizaji akiwa John Sibi-Okumu wa Kenya, mwenye sauti ya kutosha kuifanya hata hesabu isikike kama maigizo. Hayakudumu, na maswali yalikuwa ya Kiingereza. Nami huiona kuwa hasara, maana lugha yenye ghera ya kufumba na kufumbua kama hii yetu ingelivaa vazi hilo bila kulikata wala kulishona upya.

Lakini mtungaji anapokuwa pia mchezaji, swali huwa amana, na amana hiyo ilivunjwa. Machi 2013 NAQT ilitangaza kwamba, katika kukagua kumbukumbu za mtandao wake, ilikuta baadhi ya watungaji waliokuwa bado wanashindana walifungua kurasa zilizoonyesha herufi chache za mwanzo za maswali ya mashindano yaliyokuwa mbele yao. Mmoja wao alichezea Harvard, na Harvard ikavuliwa mataji manne. Kumbuka namna swali la piramidi linavyojengwa: herufi chache za mwanzo ndizo ncha, ndizo zile zijulikanazo na mmoja katika mia, na ndizo zenye thamani ya 15. Chama chenyewe kilisema hakikuwa na ushahidi, wa moja kwa moja wala wa takwimu, kwamba mchezaji huyo aliyatumia aliyoyaona. Kilihukumu kwa kuwa macho yake yalifika mahali ambapo ya wenzake hayakuruhusiwa kufika, na kwa maoni yangu kilihukumu sawa, kwani Van Doren angelijua vizuri kwamba katika mchezo huu hakuna safu ya kuandikia kile mtu alichokiona usiku wa jana.

Ubingwa wa miaka ile ukashuka kwa walioshika nafasi ya pili, ambao walio wengi, bila shaka, walikuwa wamekwisha hitimu na kutawanyika makazini. Habari ikawakuta huko, mbali na chumba cha darasa na saa ya ukutani, wakawa mabingwa siku ya kazi, bila kengele kulia.