Harufu ya embe katika manukato
Embe, linalokuzwa katika kaunti za Homa Bay na Migori kandokando ya Ziwa Victoria, ni tunda la kokwa, sawa na pichi na plamu. Harufu ya matunda ya jamii hii hupendwa na watengenezaji wa manukato, ingawa kwa kawaida haikamuliwi kutoka kwa tunda lenyewe, kwani nyama yake ina maji mengi na mafuta machache mno yanayonukia. Wataalamu huiunda kwa kuchanganya kemikali maabarani.

Mwaka 1919, Jacques Guerlain wa Ufaransa alitumia kemikali yenye harufu ya pichi katika manukato ya Mitsouko. Mwaka 2005, kampuni ya Hermès ilitoa Un Jardin sur le Nil, yaliyobuniwa na Jean-Claude Ellena baada ya kunusa maembe mabichi mjini Aswan, Misri, ukingoni mwa mto Nile, unaopata sehemu ya maji yake kutoka Ziwa Victoria.

Kwa kuwa harufu hiyo hutengenezwa maabarani, umaarufu wake haumpatii mkulima soko la maembe yanayooza msimu unapofurika. Tegemeo lake lingali tunda lenyewe, likiwa bichi, limekaushwa au limekamuliwa juisi.