Kujifunza utunzi wa hadithi za Kiswahili

Utunzi wa hadithi ni ufundi wa kubuni visa na wahusika na kuvipanga kwa maandishi katika umbo la hadithi fupi, novela au riwaya. Katika Afrika Mashariki ufundi huu kwa sehemu kubwa haukupatikana darasani. Watunzi wengi wa Kiswahili wanaojulikana waliupata kwa kusikiliza masimulizi, kusoma, kufanya kazi za magazeti na kupeleka miswada kwenye mashindano, huku wakiwa na ajira nyingine.

Masimulizi ya mdomo

Shule ya kwanza ya mtunzi ni ngano. Pwani msimulizi hufungua kwa kusema "Paukwa!" na wasikilizaji hujibu "Pakawa!". Katika wilaya za Newala na Masasi, mkoani Mtwara, ngano husimuliwa pia kwa Kimakonde, Kimakua na Kiyao. Hivyo mwanafunzi wa kata kama Mnyambe, kwenye uwanda wa juu wa Makonde, huweza kusikia hadithi kwa lugha ya nyumbani na kuandika insha kwa Kiswahili.

Hali hiyo si kizuizi cha utunzi. Shaaban Robert (1909–1962), aliyezaliwa karibu na Tanga, alikuwa na asili ya Wayao. Euphrase Kezilahabi (1944–2020) alizaliwa katika kisiwa cha Ukerewe, ambako lugha ya wenyeji ni Kikerewe. Wote wawili wamehesabiwa miongoni mwa waandishi wakuu wa Kiswahili.

Ugumu uko mahali pengine. Msimulizi huwaona wasikilizaji wake: wakichoka hufupisha, wakicheka hurefusha, na humpa fisi sauti yake na sungura yake. Mwandishi hamwoni msomaji. Kila kilichofanywa na sauti, uso na mikono lazima sasa kifanywe na maneno. Kujifunza kutunga ni, kwa kiasi kikubwa, kujifunza kuziba pengo hilo.

Historia

Mwishoni mwa miaka ya 1920 wasomaji wa Kiswahili walipata tafsiri za riwaya za Kiingereza, zikiwemo Mashimo ya Mfalme Sulemani na Kisiwa chenye Hazina. Baadaye wahakiki walionyesha kwamba Adili na Nduguze (1952) ya Shaaban Robert imejengwa juu ya kisa kimojawapo cha Alfu Lela u Lela. Mtunzi alichukua hadithi ya zamani akaipa lugha na maadili yake. Kwa miaka mingi alikuwa karani wa serikali katika idara ya forodha.

Muhammed Said Abdulla (1918–1991) wa Zanzibar alipitia njia ya magazeti. Alikuwa mhariri wa Zanzibari tangu mwaka 1948, kisha mhariri wa Mkulima kuanzia 1958 hadi 1968. Mswada wake, Mzimu wa Watu wa Kale, ulishinda shindano la uandishi la 1957–58 lililoandaliwa na shirika la vitabu la serikali za Afrika Mashariki, ukachapishwa mwaka 1960. Mpelelezi wake, Bwana Msa, ana kiko kama Sherlock Holmes, lakini anaishi katika mazingira ya Unguja. Mfano huu unaonyesha tofauti kati ya kuiga na kujifunza: umbo la hadithi ya upelelezi lilitoka Uingereza, ila watu, mazungumzo na mizaha ni ya Kizanzibari.

Mambo ya msingi

Mtunzi hujifunza kushughulikia mambo yafuatayo:

- Msuko: mpangilio wa matukio, ambapo tukio moja husababisha jingine. Orodha ya matukio pekee si msuko.
- Wahusika: watu wenye haja na udhaifu, si majina ya wema na uovu tu.
- Usimulizi: uamuzi wa nani anasimulia na anajua kiasi gani.
- Mandhari: mahali na wakati vinavyoathiri matendo ya wahusika.
- Mazungumzo: kila mhusika kusema kwa namna inayolingana na umri, kazi na mahali pake.

Kosa la kawaida la mwanzoni ni kueleza badala ya kuonyesha. Mtunzi akisema tu kwamba mkulima alikuwa na shida, msomaji hulazimika kumwamini. Akimwonyesha mkulima huyo akihesabu magunia ya korosho ghalani, huku mwenye duka akidai deni lake kabla ya siku ya mnada, msomaji huiona shida mwenyewe. Kosa jingine ni kumaliza hadithi kwa mahubiri. Ngano nyingi hufungwa kwa funzo, lakini hadithi iliyoandikwa vizuri huacha matendo yabebe funzo hilo.

Shuleni na katika mashindano

Katika shule za sekondari za Tanzania mwanafunzi husoma riwaya kwa ajili ya uhakiki: hutaja fani na maudhui, kisha hutoa mifano. Mazoezi hayo humsaidia kuona jinsi kazi ilivyojengwa, lakini kuchambua hakumfanyi mtu kuwa mtunzi, kama vile kujua majina ya patasi hakumfanyi kuwa mchongaji. Ufundi hukua kwa kuandika, kumsomea mwingine, kusikia alipochoka au asipoelewa, na kuandika upya.

Mashindano yameendelea kuwapa waandishi wapya wasomaji wa kwanza. Tuzo ya Mabati-Cornell ya fasihi ya Kiswahili, ambayo baadaye iliitwa Tuzo ya Safal, ilianzishwa mwaka 2014. Tanzania ilizindua Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu mwaka 2022, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, na washindi wa kwanza walitangazwa Aprili 2023.