Mashine Moja, Watumiaji Wengi: Historia ya Programu Shirikishi za Hisabati na Funzo Lake kwa Shule za Kisarawe

Historia ya kompyuta nchini Tanzania aghalabu husimuliwa kama historia ya vifaa: vilivyoingizwa, vilivyokosekana na vilivyoharibika. Sehemu hii inaitazama historia hiyo kwa upande wa uangalizi. Hoja yake ni kwamba hatima ya mashine inayotumiwa na watu wengi haikuamuliwa na bei pekee, bali na kuwapo au kutokuwapo kwa watu wanaoijua kiasi cha kuitunza. Suala hilo linaigusa moja kwa moja shule ya sekondari katika kata kama Msimbu, wilayani Kisarawe, inapofikiria kuweka programu ya hisabati katika seva moja ili itumiwe na darasa zima.

Wazo la kugawana mashine ni la zamani. Mwezi Mei 1964, katika Chuo cha Dartmouth nchini Marekani, wanahisabati John Kemeny na Thomas Kurtz waliwawezesha wanafunzi kuandika programu kwa lugha ya BASIC, huku kompyuta moja ikiwahudumia wengi kwa zamu fupi mno. Mwaka uliofuata Tanzania ilifunga kompyuta yake ya kwanza katika Wizara ya Fedha. Tofauti ya matukio hayo mawili haikuwa ya wakati. Dartmouth iliiweka mashine mikononi mwa wanaojifunza. Dar es Salaam iliiweka kwa ajili ya hesabu za Serikali, na utaalamu wake ulitegemea sana wageni. Mfumo huo wa hesabu ulipoleta hasara, Serikali ilirejea kwenye hesabu za mkono, na mwaka 1974 ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta. Marufuku hiyo ilianza kulegezwa katika miaka ya 1980. Ni rahisi kuiona kama woga wa maendeleo. Hata hivyo, inaweza pia kusomwa kama jibu la nchi iliyolipia mashine isiyokuwa na wenyewe.

Kwa upande wa hisabati, kikwazo kingine kilikuwa leseni. Programu kama Mathematica, Maple na MATLAB huuzwa, na si msimbo wake wote ulio wazi kwa mtumiaji. Mwaka 2005 William Stein alianzisha Sage, programu huria inayotumia lugha ya Python na kuunganisha kazi za programu zilizoitangulia, zikiwemo PARI, GAP na Maxima. Baadaye ilipata daftari linalofunguliwa katika kivinjari, na daftari la Jupyter likaja kuchukua nafasi yake. Kwa mpangilio huo, seva hufanya hesabu zote. Kompyuta ya mwanafunzi, hata ikiwa kuukuu, hupokea maandishi na kuonyesha matokeo.

Barani Afrika, taasisi ya sayansi za hisabati ya AIMS, iliyoasisiwa na Neil Turok jijini Cape Town mwaka 2003, iliitumia Sage katika mafunzo yake. Turok mwenyewe aliwahi kusoma Dar es Salaam utotoni, wazazi wake walipokuwa uhamishoni kwa sababu ya kupinga ubaguzi wa rangi. Mwaka 2014 AIMS ilifungua kituo Bagamoyo, katika Mkoa uleule wa Pwani ilimo Msimbu. Muongo mmoja kabla ya hapo, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulikuwa umetoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili. Mradi huo ulionyesha kwamba, palipo na ruhusa ya kuugusa msimbo, wenyeji huweza kuifanya programu iwe yao.

Wakala wa Nishati Vijijini ulioanza kazi mwaka 2007, pamoja na mkongo wa baharini wa SEACOM uliofika Dar es Salaam mwaka 2009, vilipunguza vikwazo vya umeme na mawasiliano bila kuvimaliza. Ndiyo maana seva iliyomo ndani ya shule ina mantiki: hufanya kazi kwa mtandao wa ndani, bila kununua kifurushi cha intaneti. Lakini hudai uangalizi. Kwa kuwa daftari la aina hii humruhusu mtumiaji kuendesha amri karibu yoyote, kitanzi kisichokoma cha mwanafunzi mmoja kinaweza kumeza kumbukumbu ya seva na kulikwamisha darasa zima. Kwa hiyo kila mwanafunzi huhitaji akaunti yake yenye ukomo. Kazi huhitaji nakala ya akiba. Nayo seva huhitaji betri ya kuiwezesha kuzimwa salama umeme unapokatika.

Zaidi ya hayo, huhitaji urithi wa maarifa. Walimu wa shule za umma huhamishwa, na mwalimu anayeondoka akiwa peke yake aliyeijua nywila ya seva huiacha shule na sanduku la chuma. Mwongozo ulioandikwa kwa Kiswahili, mwalimu wa pili aliyefunzwa, na wanafunzi wa kidato cha chini wanaorithi kazi kwa wakubwa wao si nyongeza za mradi; ndio mradi wenyewe. Kompyuta ya mwaka 1965 ilikuwa na chumba chake na fungu lake la fedha. Kilichopungua ni watu wa kuimiliki kwa ujuzi, na pengo hilo haliwezi kuzibwa kwa seva mpya pekee.