Nchi Jirani: Mofini, Kufuli na Mlango wa Tiba

Mwezi wa Aprili mwaka 1865, vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipokuwa vinakaribia kwisha, Luteni Kanali John Pemberton wa jeshi la majimbo ya Kusini alijeruhiwa kwa upanga kifuani katika mapigano ya mji wa Columbus, Georgia. Jeraha lilipona, lakini mofini aliyotumia kutuliza maumivu haikumwacha. Kwa kuwa kazi yake ya uraiani ilikuwa ufamasia, alianza kutafuta kinywaji ambacho kingemtoa katika utumwa huo. Katika kuhangaika huko ndipo mwaka 1886 alipotengeneza Coca-Cola, soda ambayo sasa inanywewa duniani kote. Kinywaji kilishinda, aliyekitengeneza alifariki mwaka 1888 bila ya kuishinda mofini.

Hakuwa peke yake. Jeshi la Kaskazini lilitoa kwa askari wake karibu vidonge milioni 10 vya afyuni katika vita hivyo, na bomba la sindano, ambalo lilikuwa limeanza kutumika miaka michache tu kabla ya hapo, liliifikisha mofini mwilini kwa kasi ambayo madaktari wa zamani hawakuijua. Miaka mingi baadaye hali ya maveterani hao ilipewa jina la ugonjwa wa askari. Wanahistoria bado wanabishana juu ya idadi yao, lakini chanzo chake kinajulikana: dawa ilitoka mkononi mwa tabibu, na aliyeipokea alikuwa majeruhi asiyekuwa na kosa.

Mofini hutokana na utomvu wa mmea wa mpopi, na utomvu huo kwa Kiswahili ndio kasumba. Wengi hulijua neno hili kwa maana ya fikra za kikoloni zinazong'ang'ania vichwani mwa watu. Waliolitoa neno katika afyuni na kulipeleka katika siasa walijua walichokuwa wakisema. Mwili uliozoea dawa hizi hudai kipimo kikubwa zaidi kila baada ya muda, na ukinyimwa huadhibu: jasho, kuharisha, kutapika, maumivu ya mifupa na kukosa usingizi. Vijana wa pwani huiita hali hiyo arosto. Mtu aliye katika arosto hatafuti starehe tena. Anatafuta nafuu, na kwa ajili ya nafuu hiyo ataiba, hata nyumbani kwa mama yake.

Sheria ya kimataifa iliziona pande zote mbili za jambo hili mapema. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1961 unakiri kwamba dawa hizi ni za lazima katika kutuliza maumivu na kwamba mataifa yanapaswa kuhakikisha zinapatikana kwa kazi hiyo. Marekebisho yake ya mwaka 1972 yanaruhusu mtumiaji aliyevunja sheria apewe matibabu badala ya adhabu, au pamoja na adhabu. Hata hivyo, kwa muda mrefu serikali nyingi zilisoma kurasa za makatazo tu. Marekani, kwa upande wake, iliteleza kwa njia nyingine. Kuanzia mwaka 1996 vidonge vikali vya OxyContin vilitangazwa kwa madaktari wa huko kana kwamba hatari yake ya uraibu ilikuwa ndogo, na mwaka 2007 kampuni iliyohusika ilikiri mahakamani kosa la kupotosha juu ya hatari hiyo. Wakati huo maelfu ya watu walikwishazama.

Uganda ilichagua njia yake. Mwaka 1993 daktari Mwingereza, Anne Merriman, alianzisha mjini Kampala shirika la Hospice Africa Uganda kwa ajili ya wagonjwa wasio na tumaini la kupona. UKIMWI ulikuwa ukiiteketeza nchi hiyo, na watu wa saratani walikuwa wakifa kwa maumivu huku dawa ya kuwatuliza ikiogopwa kuliko ugonjwa wenyewe. Daktari huyo aliiomba serikali iruhusu mofini ya unga kuingizwa nchini. Unga ulichanganywa na maji na dawa ya kuzuia kuharibika, ukatiwa rangi mbalimbali ili nguvu moja isichanganywe na nyingine, kisha ukawekwa katika chupa za plastiki za bei ndogo. Mgonjwa huinywa kwa saa maalumu, kabla maumivu hayajarudi, na serikali huitoa bila malipo.

Lakini madaktari walikuwa wachache na vijiji ni vingi. Kwa hiyo mwaka 2004 Uganda ilibadili sheria, ikawaruhusu wauguzi na matabibu waliopata mafunzo maalumu ya huduma hiyo kuandika mofini. Wakati huo hilo lilikuwa jambo geni kabisa barani Afrika. Kufuli halikuondolewa, kwani dawa iliendelea kufungiwa kabatini na kila kipimo kuandikwa daftarini. Kilichobadilika ni idadi ya watu waliokabidhiwa ufunguo. Askari aliye kwenye kizuizi cha barabarani hapaswi kulisahau hilo. Chupa ya mofini mkononi mwa muuguzi mwenye kibali ni halali kama kwinini. Chupa hiyo hiyo mkononi mwa mlanguzi ni kosa la jinai.

Kenya ilikutana na upande wa pili wa dawa hiyo. Heroini, ambayo pwani huitwa unga, hutengenezwa kutokana na mofini, na ilipotolewa sokoni na kampuni ya Bayer ya Ujerumani mwaka 1898 ilikuwa dawa ya kikohozi. Katika miaka ya 1980 ilikuwa imekwishaingia Mombasa na Malindi kwa njia za magendo. Sheria ya mwaka 1994 iliweka vifungo virefu, polisi wakafanya misako, na mateja wakaingia jela na kutoka, wakarudi maskani yale yale. Mwishoni mwa mwaka 2010 unga uliadimika ghafla pwani. Kwa hesabu ya operesheni huo ungeitwa ushindi. Ila mamia ya watu walishikwa na arosto kwa wakati mmoja, na Kenya haikuwa na mpango wa methadoni wa kuwapokea. Njia ya unga ilikuwa imekatika; njia ya tiba ilikuwa haijafunguliwa.

Tiba yenyewe haikuwa mpya. Methadoni iliundwa Ujerumani katika miaka ya 1930 kama dawa ya maumivu, na katikati ya miaka ya 1960 madaktari Vincent Dole na Marie Nyswander wa New York walionyesha kwamba kipimo kimoja kwa siku huzuia arosto na kumwezesha mraibu kufanya kazi. Tanzania Bara ilianza kuitoa katika Hospitali ya Muhimbili mwezi wa Februari 2011. Kenya ilifuata Desemba 2014 katika Hospitali ya Mathari, Nairobi, kisha huduma ikafika Malindi na Mombasa. Uganda nayo ilifungua kliniki yake Butabika mwaka 2020.

Methadoni ni ya majimaji, na mgonjwa huinywa mbele ya mhudumu, kila siku, kwa miezi na mara nyingi kwa miaka. Ugumu wake uko hapo. Mgonjwa anayekamatwa alfajiri katika msako na kuwekwa mahabusu siku mbili hukosa vipimo viwili, na arosto humkuta nyuma ya nondo. Akiachiwa, huenda mguu ukamwelekeza kwa muuza unga kabla ya kumfikisha kliniki. Kenya ilikuja kulitambua jambo hili hata ndani ya magereza yake. Katika gereza la Shimo la Tewa, Mombasa, ilifunguliwa kliniki ya methadoni, na mfungwa aliyeanza matibabu akiwa uraiani akaweza kupewa kikombe chake kila siku huku akiendelea kutumikia kifungo.