Kutengwa na Kukutana: Vikundi vya Utambulisho katika Historia ya Shule za Tanzania

Kolo iko kaskazini mwa mji wa Kondoa, mkoani Dodoma, kando ya barabara kuu iendayo Babati na Arusha. Wageni wengi huifahamu kwa michoro ya miambani, iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Kwa mwanaisimu, eneo hili lina sifa nyingine. Kirangi, ambacho ni lugha ya Kibantu, kinapakana hapa na Kialagwa na Kiburunge, ambazo ni lugha za Kikushi. Kidatooga, ambacho ni cha Kiniloti, hakiko mbali. Na Kisandawe hakihusiani na yoyote kati ya hizo. Ni nadra kuikuta tofauti kubwa kiasi hicho katika eneo dogo namna hiyo.

Mtoto anayeingia darasa la kwanza Kolo huwa tayari ana lugha ya nyumbani, dini ya wazazi, na nafasi ya kike au ya kiume aliyopewa na jamii yake. Shule inaweza kuufuta utambulisho huo, inaweza kuutumia kumtenga, au inaweza kumwachia nafasi ya kukutana na wenzake wanaofanana naye katika jambo fulani. Tanzania imeyajaribu yote matatu. Mada hii inachunguza majaribio hayo, na hoja yake ni kwamba kutenga na kukutana ni mambo mawili tofauti, ingawa mara nyingi yamechukuliwa kuwa ni jambo moja.

Utengano ulianza kwa amri. Chini ya utawala wa Waingereza, Tanganyika ilikuwa na shule za Wazungu, shule za Waasia na shule za Waafrika, kila kundi na bajeti yake. Sheria ya Elimu ya mwaka 1961, iliyoanza kutumika mwaka 1962, iliufuta mgawanyo huo wa rangi. Ulibaki mgawanyo wa dini, kwa kuwa shule nyingi zilikuwa mali ya misheni, na katika maeneo yenye Waislamu wengi, kama Kondoa, wazazi wengi walihofia kwamba mtoto angeipata elimu na kuipoteza dini. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliziweka shule hizo mikononi mwa serikali.

Kutokana na historia hiyo, si ajabu kwamba taifa changa liliogopa kila kikundi kilichojengwa juu ya asili ya mtu. Wanafunzi wa sekondari walipelekwa mikoa ya mbali na kwao ili wachanganyike. Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi, na katika shule nyingi mtoto aliyesikika akizungumza lugha ya nyumbani aliadhibiwa. Mafanikio ya siasa hiyo hayapaswi kubezwa: Mrangi na Mhaya walikaa dawati moja na kuitana ndugu. Hata hivyo, ilikuwa na gharama yake. Mtoto alijifunza kwamba lile linalomtofautisha na wengine ni la kunyamaziwa, na fundisho hilo halikuishia kwenye lugha.

Jambo moja katika historia hii halijazingatiwa vya kutosha. Shule hizo hizo zilizokataa vikundi vya kikabila ziliviruhusu vikundi vya dini. Wanafunzi Waprotestanti walikuwa na UKWATA, Wakatoliki walikuwa na TYCS, na Waislamu walikuwa na jumuiya zao. Kwa mwanafunzi aliyetoka Kondoa na kupangiwa bweni katika mkoa asioujua, jumuiya hiyo ndiyo iliyompa watu wa kufuturu nao, wa kumjulia hali akiugua, na wa kumweleza kwamba hajapotea. Migogoro ilikuwapo, lakini taifa halikuvunjika kwa sababu ya vikundi hivyo. Maana yake ni kwamba shule ya Tanzania ilikwisha kukubali kanuni yenyewe. Kilichobaki kikibishaniwa ni nani aruhusiwe kuifaidi.

Mfano ulio wazi zaidi wa kanuni hiyo ni mradi wa Tuseme. Ulianzishwa mwaka 1996 katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wataalamu wa sanaa za maonyesho, wakiongozwa na Penina Mlama, ambaye wasomaji wa tamthilia wanamfahamu pia kwa jina la Penina Muhando, na Amandina Lihamba. Lengo lake lilikuwa kuwawezesha wasichana wa sekondari kuyataja wenyewe yanayowazuia kusoma. Katika vilabu vya Tuseme, wasichana hubainisha tatizo, huchambua chanzo chake, hulitungia igizo, wimbo au ngoma, kisha huonyesha kazi yao mbele ya walimu na wanafunzi wengine ili ijadiliwe. Shirika la FAWE, lililoanzishwa mwaka 1992 kwa ajili ya elimu ya wanawake barani Afrika, liliueneza utaratibu huo katika nchi nyingine, na baadaye wavulana pia walishirikishwa.

Ubora wa Tuseme umo katika mpangilio wake. Wasichana hukutana kwanza peke yao kwa sababu kuna maneno ambayo hayasemeki mbele ya mwalimu anayewataka kimapenzi, au mbele ya wavulana watakaocheka. Wakishayapata maneno hayo, huyapeleka kwa shule nzima.

Katika mkoa wa Dodoma umuhimu wa jambo hili unaonekana bila kutafutwa. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015–16 ulionyesha kwamba asilimia 10 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa. Mkoani Dodoma ilikuwa asilimia 47. Sheria ya mwaka 1998 ilikwisha kukataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, lakini sheria haiingii nyumbani usiku. Msichana anayejua kwamba zamu yake inakaribia huhitaji kwanza mtu wa rika lake anayeijua hofu hiyo. Vivyo hivyo kwa mimba: kwa miongo mingi aliyepata mimba alifukuzwa shule, hadi serikali iliporuhusu warejee mwezi Novemba 2021.

Hata hivyo, kukusanya wanaofanana kunaweza kugeuka tena kuwa kutenga. Mauaji ya watu wenye ualbino yaliposhamiri kuanzia miaka ya 2000, watoto wengi walikimbiziwa katika shule kama Buhangija, Shinyanga, ili wasalimike. Uhai wao ulilindwa, lakini wengine walikaa miaka mingi bila wazazi wao. Ukuta uliowazuia wauaji uliwazuia pia watoto.

Kwingineko duniani kanuni hii imefika mbali zaidi. Mwaka 1988, katika shule ya Concord Academy, jimboni Massachusetts, Marekani, ulianzishwa umoja uliowakutanisha wanafunzi wanaopenda wa jinsia yao na wenzao wasio hivyo, na mfano wake ukaigwa na shule nyingi. Nchini Tanzania, kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, kilichorithiwa kutoka kwa Waingereza, kinatoa adhabu nzito kwa tendo la aina hiyo, na umoja kama huo hauna nafasi shuleni. Wanafunzi wanaohusika wapo, na hubaki kila mmoja na siri yake. Mwanahistoria hawezi kuandika kana kwamba hawapo. Anachoweza kufanya ni kuonyesha kwamba ukimya wao unafanana sana na ule uliowazunguka wasichana kabla ya mwaka 1996.

Kutokana na mifano hii, vipo vigezo vitatu vya kukipima kikundi cha aina hii. Kwanza, je, wanafunzi wamekutana kwa hiari, au wamewekwa hapo na mwenye mamlaka? Pili, je, mlango uko wazi kwa anayetaka kutoka na kwa rafiki anayetaka kuingia? Tatu, je, yanayosemwa ndani hurudi darasani na kuibadili shule? Shule za kikoloni zingeshindwa katika vyote vitatu. Tuseme inafaulu. Nchi iliyojifunza kwa uchungu madhara ya kutenga ina kila sababu ya kuwa macho, ila isije ikamnyima mtoto mtu wa kumwambia linalomsibu kwa kudhani kwamba ukimya wake ndio umoja.