Bi Salme na mapenzi ya mtuhumiwa



Kila inapotajwa khabari ya Bi Salme binti Said, watu hukimbilia mwaka 1866: binti wa mfalme, Mjerumani jirani yake, usiku wa kutoroka. Mimi naona hadithi ya mapenzi yake ianzie 1859, maana hapo ndipo alipojifunza gharama ya kumpenda mtu anayetuhumiwa.

Sayyid Said alifariki 1856 na Majid akakalia kiti Unguja. Nduguye Barghash hakuridhika, akapanga kumpindua. Salme alikuwa na miaka 15 tu. Hakuwa na ugomvi na Majid, bali alimpenda mno dada yake Bi Khole, yule mwenye miembe ya Bungi, na Khole alikuwa upande wa Barghash. Basi Salme akafuata moyo. Na kwa kuwa alijua kuandika, jambo alilojifundisha kwa siri, akawa karani wa njama. Barua za kutaka risasi na baruti zilitoka mkononi mwake, na mwenyewe anakiri kuwa dhamiri ilimsuta.

Majid akaizingira nyumba ya Barghash. Usiku mmoja Khole na Salme wakaingia pamoja na wanawake wao, wakatoka na Barghash amejifunika nguo za kike kama wao. Askari gani angethubutu kumfunua binti wa Sayyid? Akakimbilia shamba la Marseilles, lakini Waingereza, balozi wao akiwa Rigby, wakamsaidia Majid. Barghash akasalimu amri, akapelekwa Bombay.

Majid hakuwaadhibu dada zake. Salme akapatana naye baadae, na hapo Khole akamkasirikia.

Sasa geuza ukurasa. 1866 mtuhumiwa ni Salme mwenyewe: ana mimba ya Heinrich Ruete, asiyekuwa Muislamu. Maisha yake yamo khatarini. Safari hii naye akatoroshwa, kwa manowari ya Kiingereza Highflyer, mpaka Aden. Heinrich akamfuata 1867, wakaoana, wakaenda Hamburg. Mwaka 1870 tramu ikamuua mumewe, akabaki na watoto watatu wadogo.

Mwaka huo huo Barghash akawa Sultani. Salme aliporudi Unguja 1885, yule aliyemficha ndani ya nguo za kike hakukubali hata kumwona.

Wengi humaliza hapo kwa kumlaani Barghash. Haya, lakini tusisahau kwamba Salme alikuja na meli za Kijerumani, miezi michache tu baada ya Wajerumani kujitangazia himaya bara, na Barghash akipinga. Kumfungulia dada mlango kulikuwa ni kumfungulia Bismarck. Tena khabari nyingi za 1859 tunazipata kwa Salme mwenyewe, katika kitabu alichokitoa kwa Kijerumani 1886, miaka 27 baadae, akiwa na madai yake ya urithi.

Hata hivyo hesabu yake inauma. Aliyesamehe ni yule aliyetaka kupinduliwa. Aliyefunga mlango ni yule aliyeokolewa. Nadhani si ajabu sana: anayekuficha siku ya tuhuma huwa ameiona hofu yako, na mfalme hapendi shahidi wa namna hiyo.

Mwenye rai nyingine atuletee, tujadiliane kwa adabu.

Wassalaam.