Njia ya Wapagazi

Wajapani wana ada ya kuzitunza njia zao za miguu kama sisi tunavyoyatunza makaburi ya masharifu. Njia ya Nakasendo, iliyotoka Edo ikapenya milima ya Kiso hata ikafika Kyoto kwa vituo 69, ingali na vibao na nyumba za wageni, na watu hutoka pembe zote za dunia ili waikanyage tu. Na njia za mahujaji za Kumano ziliandikwa na UNESCO mwaka 2004 katika orodha ya urithi wa ulimwengu. Sisi wa Nairobi, hususan wenyeji wa mitaa ya mashariki, tunazo njia zenye nasaba ndefu na huzuni nyingi, zinazokanyagwa kila alfajiri na watu wengi kuliko watakaoiona Kiso mwaka mzima, ila hakuna aliyeona kwamba zastahili hata kibao kimoja.

Nasaba hiyo yaanzia kwa wapagazi. Mwezi Julai 1899, wakati reli ilikuwa imefika Nairobi muda usiotimia miezi miwili, na mji wenyewe ukiwa mahema na vibanda vya mabati kandokando ya bwawa, Halford Mackinder, mwalimu wa jiografia katika Chuo cha Oxford, aliondoka hapo kwenda kuupanda Mlima Kenya akiwa na msafara wa watu takriban 170, Waswahili na Wakikuyu, pamoja na Wazungu wachache. Tarehe 13 Septemba akakifikia kilele cha Batian yeye na waongozi wawili kutoka milima ya Alps, César Ollier na Joseph Brocherel. Majina hayo matatu yanajulikana kwa kila mpanda mlima. Waliobeba mahema, kamba na chakula chao, ambao wawili kati yao waliuawa walipotumwa kutafuta posho, aghalabu hutajwa kwa idadi, kama magunia. Mlima ule ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1949, na leo mgeni hulipa kiingilio ili atembee mahali ambapo wale walipelekwa kwa ujira wa rupia chache.

Upagazi ulikuwa kazi yenye elimu yake, wala asidhani msomaji kwamba ni nguvu za shingo tu. Mzigo wa desturi ulikuwa frasila mbili, yaani ratili 70, ukizidi au kupungua kidogo. Mtu wa pwani aliutweka kichwani juu ya kata ya nguo iliyosokotwa. Mnyamwezi aliuchukua begani, na kwa hiyo pembe za ndovu zilimwandama yeye zaidi. Mwanamke wa Kikuyu aliutia mgongoni, ukanda wa ngozi ukipita juu ya paji la uso. Mbele ya wote alikwenda kirangozi na bendera yake, na hakuna aliyeruhusiwa kumpita. Akisimama, msafara mzima husimama. Posho ilipimwa kwa kibaba, na kibaba kikipunjwa, watu walitoroka usiku, jambo ambalo matajiri wa misafara waliliita uhaini, nami naona lilikuwa hesabu sahihi.

Reli ilipowasili Kisumu mnamo Desemba 1901, misafara mikubwa ya Uganda ikafa, lakini watu wake walibaki. Wengi walitua mizigo Nairobi, wakajenga vijiji vya udongo na mapaa ya madebe: Pangani, Mombasa, Maskini, Kaburini. Humo Kiswahili kilikuwa lugha ya mlango kwa mlango na Uislamu dini ya jirani, na nyumba si haba zilikuwa mali ya wanawake, waliozijenga kwa fedha yao wenyewe na kuwapangisha wanaume waliokuja mjini kutafuta kazi. Wakuu wa mji hawakuvipenda vijiji hivi. Mapema katika miaka ya 1920 wakatenga Pumwani kuwa mahali rasmi pa Waafrika, wakavivunja kimoja baada ya kingine, mpaka Pangani nayo ikabomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930 na wenyewe wakahamishiwa Shauri Moyo. Hivyo ndivyo mashariki ya Nairobi ilivyoanza: kwa watu waliofika kwa miguu, wakafukuzwa kwa miguu.

Baina ya mambo hayo vilipita vita vya 1914. Vilipohamia Tanganyika, mbung'o waliwaua farasi na ng'ombe wa mizigo, na malori yakazama matopeni. Basi binadamu akarudishwa kuwa mnyama wa kubeba. Sheria ya 1915 iliruhusu watu kuchukuliwa kwa lazima, na mwaka 1917 John Ainsworth, yule yule aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa mji wa Nairobi, alisimamia msako uliokomba vijana wa wilaya nyingi za nchi. Ujira ulishushwa hata rupia 5 kwa mwezi. Waliokufa kutoka Kenya peke yake walizidi 40,000, na wengi wao hawakuuawa na risasi. Waliuawa na sufuria: watu waliozoea viazi, ndizi na mtama walipewa unga wa mahindi, ukapikwa jioni kwa kuni mbichi na mtu aliyechoka, ukaliwa haujaiva, na kesho yake mlaji akatwikwa mzigo ule ule huku tumbo likimsokota, mpaka kuhara damu kukamlaza njiani. Mishahara ya maelfu ya marehemu hao haikuwafikia warithi wao kamwe. Kilichobaki mjini ni sanamu za shaba za mwaka 1928 katika barabara iitwayo sasa Kenyatta Avenue, ambamo mpagazi amesimama pamoja na askari, na jina la Kariokor palipokuwa kambi yao, mahali ambapo sasa watu huenda kununua vyondo na viatu vya ngozi, na kula nyama choma.

Waliowafuata wapagazi hao mitaani hawakubeba mizigo ya tajiri, ila walibeba kipande, kibati kilichoning'inia shingoni tangu 1920 hata kilipofutwa mwaka 1947, ambacho bila yake mwanamume Mwafrika hakuweza kutembea kwa amani. Na kutembea kulikuwa lazima, kwani mji wenyewe ulipangwa hivyo. Wazungu walichukua vilima vya magharibi penye hewa na udongo mwekundu. Wahindi wakapewa Ngara na Parklands. Mwafrika akawekwa mashariki, penye udongo mweusi unaonata kiatuni mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka, karibu na landhi za reli na viwanda. Ramani kuu ya mji ya 1948 ilithibitisha mpango huo kwa lugha ya kitaalamu. Kaloleni, iliyojengwa katika miaka ya 1940, ilipewa bustani, ukumbi katikati, na vijia vizuri vya kuelekea ukumbini. Lakini mtu akitoka nje ya mtaa kwenda kazini alivuka reli apendavyo, akipisha magari ya moshi.

Mabasi yalikuwapo tangu 1934, lakini nauli yake haikuwa ya kila mtu. Ajabu ni kwamba mwaka 1953, katika siku za Hali ya Hatari, hata wenye nauli walitembea: Mau Mau walikuwa wameamuru watu wasipande mabasi ya Wazungu, wala wasinywe bia wala kuvuta sigara zao, na Barabara ya Doonholm, ambayo siku hizi ni Jogoo Road, ikajaa watu asubuhi na jioni. Yamkini wako waliotembea kwa imani na wako waliotembea kwa hofu. Mguu hauonyeshi tofauti. Serikali ilijibu kwa msako wa Aprili 1954, uliowazoa maelfu ya wanaume wa mitaa hii na kuwatia vizuizini.

Baada ya uhuru, mji ulizidi kusogea mashariki na safari ikarefuka. Matatu zilihalalishwa mwaka 1973, Buruburu ikaanza kujengwa mwaka huo huo, Dandora ikafuata, takriban kilomita 10 kutoka katikati ya mji, kisha Umoja na Kayole. Kila mtaa mpya ulipimwa barabara za magari kwanza. Siku ya mvua, nauli ikipanda maradufu mbele ya macho ya abiria, kibarua wa Viwandani huvivua viatu vyake, akavifunga kwa kamba zake na kuvitia shingoni, akashika njia ya reli pamoja na wenzake, wakifuatana mmoja nyuma ya mwingine juu ya mataruma, kwa kuwa pembeni ni tope.

Takriban watu wanne katika kila kumi wa Nairobi huenda kwa miguu. Outer Ring Road ilipopanuliwa wakajengewa madaraja ya kuvukia, na mwaka 2015 Kaunti ilipitisha sera juu ya haki zao, maandishi yenye adabu na nia njema. Atakaye kuipima sera hiyo na atoke Jericho siku ya Jumatatu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ashike Jogoo Road mpaka Muthurwa, kwa miguu yake mwenyewe.